Prosesa ya laptopu au ya wakstesheni? Maswali tunayoulizwa kila siku dukani

Maswali haya kuhusu prosesa, ule ubongo wa kompyuta, tumeyakusanya kutoka kwa wateja wetu, ghorofani karibu na Moi Avenue, Nairobi. Mengine huja kwa WhatsApp, mtu akiwa amesimama kwenye duka la watu wengine na pesa mkononi, akitaka kujua kama anauziwa mbuzi kwenye gunia. Tumeanza na ya msingi, yale ya ajabu ajabu yako mwishoni. Jibu likitegemea jingine, tumekutajia namba.

## Mambo ya mwanzo

1. Tofauti hasa kati ya prosesa ya laptopu na ya wakstesheni ni ipi?

Kwa neno moja: wati. Zote mbili hupiga hesabu zilezile na huendesha programu zilezile. Kinachozitenganisha ni kiasi cha umeme zinachoruhusiwa kula, na joto ambalo kasha lake linaweza kulitoa nje kabla mambo hayajaharibika. Laptopu nyembamba ya ofisini huwa na prosesa iliyopangiwa wati 15. Wakstesheni kama HP Z440 yenye prosesa ya Xeon E5-1650 v4 ya Intel imepangiwa wati 140 za prosesa peke yake, kabla hujahesabu kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini.

Fikiria boda na lori. Boda itakupenyeza kwenye foleni na kukufikisha mapema; lori litabeba tani zako likienda kwa mwendo wake. Najua, Nairobi tumeshaona boda ikibeba sofa. Ilivyokuwa ilipofika kwenye mlima ndiyo habari ya swali la 7.

Neno wakstesheni tunalitumia kwa kompyuta iliyojengwa kwa kazi nzito ya saa nyingi: ya wasanifu majengo, wahandisi, wahariri wa video, watu wa takwimu. Vitabu vya shule huita laptopu kipakatalishi, lakini ukiliuliza neno hilo mtaa wa Luthuli utazungushwa maduka matatu.

2. Nimeambiwa ni i7. Si i7 zote ni sawa?

Hapana, na swali hili limewagharimu watu wengi kuliko jingine lolote humu. Core i7-7500U ya Intel, ya laptopu, ina viini viwili (viini ni nini, ona swali la 5) na wati 15. Core i7-7700 ya kompyuta ya mezani, kizazi kilekile cha 7, ina viini vinne na wati 65. Namba hiyo 7 ya mbele inakuambia tu kwamba ndani ya familia yake prosesa hiyo iko juu ya i5. Haikuambii familia yenyewe ni ipi.

Tena i5-8250U iliyokuja mwaka 2017 ina viini vinne, kwa hiyo kwenye kazi ya viini vingi humwacha nyuma ndugu yake mkubwa i7-7500U. Kila wiki tunamwona mtu akiongeza elfu kadhaa ili apate neno i7 kwenye stika, kumbe amenunua kasi ndogo zaidi.

3. Herufi za mwisho zinamaanisha nini?

Ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu, kumbuka herufi. U ni ya laptopu nyembamba, kwa kawaida wati 15. H ni ya laptopu nene yenye feni za maana, kawaida wati 45; HQ ni H ya zamani, enzi ambazo viini vinne vilikuwa jambo la kutangazwa. HX ni prosesa ya mezani iliyoshonewa kwenye laptopu: i9-13980HX ina viini 24, imepangiwa wati 55 lakini ikiruhusiwa hupanda hadi 157. Laptopu ya namna hiyo chaja yake ni tofali.

Kwa kompyuta za mezani, T ni ya wati 35, ile inayowekwa kwenye vikasha vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini. K imefunguliwa ili mwenye hamu aiongeze kasi. F haina sehemu ya michoro ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya michoro skrini yako itabaki nyeusi. Tumeshapigiwa simu za hiyo skrini nyeusi.

Xeon haifuati utaratibu huu. Kwenye zile za zamani angalia v ya mwisho: v1 (ambayo haiandikwi), v2, v3, v4. Maana yake iko kwenye swali la 13.

4. Nitajuaje ni kizazi cha ngapi?

Soma namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U cha 8, i5-10210U cha 10. Mtego uko kwenye i5-1135G7: hiyo ni ya 11, si ya 1. Namba ikianza na 1, chukua tarakimu mbili. Core Ultra ya Intel na Ryzen ya AMD zina vituko vyao, ona maswali ya 18 na 19.

5. Viini na nyuzi ni nini, na nihesabu kipi?

Kiini ni mpishi. Nyuzi ni sufuria anazoweza kuzishughulikia. Mama wa kibanda huweza kugeuza chapati huku maharagwe yakichemka pembeni. Huyo ni kiini kimoja chenye nyuzi mbili. Anafanya zaidi ya mpishi wa sufuria moja, lakini hajawa wapishi wawili. Hesabu viini kwanza.

Kuanzia kizazi cha 12 Intel ilichanganya viini vikubwa na vidogo, na hapo matangazo yalipata pa kujificha. i7-1255U inauzwa kama prosesa ya viini 10, na ni kweli, ila vikubwa ni viwili tu. i7-12700H ina 14, vikubwa sita. Muuzaji atakutajia 10 na 14 kana kwamba pengo ni dogo. Siyo dogo.

## Kasi, na mahali inapopotelea

6. Kwa nini mnaniuzia ya 1.6 GHz wakati jirani ana ya 2.4?

"Boss, hii ni 1.6 tu, nipe ile ya 2.4." Tunayasikia haya mara nyingi mpaka tumebandika karatasi ukutani.

Ile ya 2.4 huwa ni i5-6300U. Ya 1.6 ni i5-8250U. Namba hiyo ni mwendo wa chini ambao prosesa imeahidiwa ikiwa viini vyote vinafanya kazi ndani ya wati zake. Ya kwanza inagawa wati 15 kwa viini viwili, ya pili inazigawa kwa vinne, ndiyo maana kila kimoja kinaahidiwa kidogo. Ukifungua programu moja tu, 6300U inafika 3.0 na 8250U inafika 3.4. Ukizipa zote kazi nzito, viini vinne vinashinda viwili. Hakuna upande ambao ile ya 2.4 inashinda isipokuwa kwenye stika.

Gigahezi linganisha tu kati ya prosesa za familia moja na kizazi kimoja. Zaidi ya hapo ni kama kulinganisha matatu mbili kwa honi zake.

7. Laptopu yangu huanza kurenda (kugeuza modeli au video kuwa picha kamili) kwa kasi, halafu baada ya dakika chache inakuwa kobe. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Imechemka.

Prosesa huruhusiwa kula umeme zaidi ya wati zake kwa muda mfupi. i7-1255U imepangiwa 15 lakini hufika 55 kwa kitambo; i7-12700H imepangiwa 45 na hufika 115. Kwa muda huo kila kitu kinaruka. Halafu ama muda wa ruhusa unaisha, ama joto linafika kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100 za Selsiasi, na prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue.

Mwaka jana dada mmoja anayesomea usanifu majengo alituletea laptopu ya i7-8650U akiwa karibu kulia. Mradi ulikuwa wa kesho. Tulifungua Task Manager, ukurasa wa CPU, tukaanzisha kurenda. Mwendo ulianza 3.9. Tukahesabu. Kabla chai haijapoa ulikuwa 3.1, kisha 2.3, na dakika ya nne ukasimama kwenye 1.7 huku feni ikipiga mluzi kama jiko la gesi. Tulipoifungua, kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi, na pesti ya joto juu ya prosesa imekauka ikawa unga. Tulisafisha, tukapaka mpya, tukarudia. Safari hii ilitulia kwenye 2.5. Alifurahi. Akauliza, "Fundi, sasa itafika 3.9 na kubaki hapo?" Hapana. Kasha lile haliwezi kutoa joto hilo, hata likiwa jipya kutoka kiwandani.

Hapa ndipo wakstesheni inapopata mshahara wake. Prosesa yake ina kipozeo chenye uzito wa tofali dogo na feni kubwa, kwa hiyo mwendo wa dakika ya kwanza ndio wa saa ya sita. Kama kazi zako huisha ndani ya sekunde thelathini, tofauti hii haikuhusu kabisa.

8. Niamini vile vipimo vya kasi vya mtandaoni?

Viamini kwa masharti. Tazama alama mbili, si moja: ya kiini kimoja na ya viini vyote. Ya kwanza inakuambia kompyuta itakavyojibu ukibonyeza kitu. Ya pili inakuambia itamaliza kazi ndefu lini. Cinebench, programu ya kupima prosesa, ina chaguo la kurudia kipimo kwa dakika 10, na hilo ndilo la kutumia kwa laptopu. Kipimo kinachoisha kwa sekunde chache kinakuonyesha boda kabla ya mlima.

Tena kumbuka kwamba prosesa moja ndani ya laptopu mbili tofauti hutoa majibu tofauti, kwa sababu mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua wati.

9. Kwa nini laptopu inakuwa nzito nikichomoa chaja?

Betri haiwezi kutoa umeme kwa kasi ambayo prosesa za H hutaka, kwa hiyo mfumo unazibana. Zile za U huumia kidogo tu. Jambo hilihili hutokea ukitumia chaja ndogo ya kuazima: laptopu ya wati 150 kwenye chaja ya 65 itawaka, itaonekana nzima, na itatambaa.

## Kazi yako ni ipi?

10. Mimi ni wa ofisi: Excel, barua pepe, iTax, Zoom. Nahitaji wakstesheni?

La. i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16 na SSD (diski ya kasi). Pesa inayobaki nunua kiti kizuri.

11. Nachora majengo. AutoCAD, Revit, ArchiCAD: ninunue viini vingi?

Inategemea ni programu gani na uko hatua gani ya kazi. AutoCAD, kwa sehemu kubwa, hutumia kiini kimoja. Revit vilevile unapojenga modeli. Vikishafika viini sita au vinane vyenye kasi, vinavyoongezeka hukaa tu kivulini. ArchiCAD inajua kugawa kazi kwa viini vingi. Kurenda kwa prosesa, kama unavyoweza kufanya kwenye Blender, hula viini vyote ulivyo navyo na kuomba vingine.

Kwa hiyo mchoraji wa AutoCAD anayenunua Xeon ya viini 14 yenye mwendo wa juu wa 3.3 GHz atashangaa kuona i5-8500 ya mezani, viini sita tu lakini ikifika 4.1, ikifungua michoro yake haraka zaidi. Si uchawi.

Na ukirenda kwa Lumion, Enscape au Twinmotion, sahau prosesa kwa muda: kazi hiyo ni ya kadi ya michoro. Hapo pesa ielekee huko.

12. Nahariri video za harusi. Na mwenzangu anafanya takwimu za utafiti. Tununue moja tushirikiane?

Msishirikiane, mahitaji yenu hayafanani.

Video za simu na kamera nyingi siku hizi ni H.264 au H.265. Prosesa nyingi za kawaida za Intel zina sehemu maalumu ya kuzifungua, iitwayo Quick Sync, iliyomo kwenye michoro ya ndani. Xeon E5 hazina michoro ya ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Ndiyo maana mhariri anaweza kununua Xeon yenye viini vya kutisha, akabonyeza kucheza, na bi harusi akaanza kutembea kwa kurukaruka. Dawa ni kadi ya Nvidia isiyo ya kale sana, inayofungua video hizo yenyewe, au kuchagua prosesa ya kawaida tangu mwanzo.

Kwa takwimu, uliza leseni kabla ya kuuliza prosesa. Stata/SE hutumia kiini kimoja. Ni Stata/MP inayotumia vingi, na leseni yake huhesabu viini. R ya kawaida pia hukaa kwenye kiini kimoja isipokuwa umeandika kodi ya kuigawa. Wengi wa watafiti wanaotujia wanahitaji RAM zaidi kuliko viini, na hilo wakstesheni inalimudu: Z440 ina nafasi nane za RAM, laptopu nyingi zina mbili, na nyingine zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi.

## Kununua za mtumba, zile za ex-UK

13. Naona Xeon ya viini 14 kwa bei ya laptopu ya kawaida. Kuna mtego?

Bei ni halali. Makampuni ya Ulaya huzitoa zikizeeka, huku hazina wanunuzi wengi kwa sababu ni kubwa, ni nzito, na hazipandi matatu. Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016 ina viini 14, nyuzi 28, wati 120. Kwa mtu wa Blender au wa kuendesha mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), hakuna laptopu ya bei hiyo itakayoikaribia.

Lakini ijue kabla ya kuibeba. Kiini chake kimoja kimoja ni cha polepole (swali la 11). Haina michoro ya ndani (swali la 12). Haimo kwenye orodha ya Windows 11 (swali la 16). Na angalia v: E5 bila v au yenye v2, zile za HP Z420, hutumia RAM ya DDR3 na hazina maagizo ya AVX2, ambayo programu kadhaa za sasa huyadai ndipo ziwake. v3 na v4 ziko salama kwa hilo. Binafsi siuzi tena v2 kwa mtu wa kazi. Naiuza kwa anayetaka seva ya kujifunzia.

Ukiambiwa kuna yenye prosesa mbili, usizidishe kasi kwa mbili. Kurenda kutakaribia, AutoCAD haitahisi lolote.

14. Na hizi laptopu zinazoitwa wakstesheni, ZBook ya HP na Precision ya Dell?

Ni suluhisho zuri kwa anayehama kati ya saiti na ofisi. ZBook 15 G5 yenye i7-8850H ina viini sita na wati 45, na mwili wake una shaba ya kutosha kutoa joto. Usiitarajie ifikie wakstesheni ya mezani kwenye kazi ya usiku kucha, lakini mchana inafanya kazi ya kiume.

Hadhari moja: ZBook 14u. Jina ni ZBook, stika inang'aa, lakini ndani kuna prosesa ya U sawa na ya laptopu yoyote ya ofisini. Rudi swali la 3, soma herufi. Toleo lingine huja na Xeon E-2176M. Hiyo kwa kasi ni nduguye i7-8850H, tofauti kubwa ni kwamba inakubali RAM ya ECC, ile inayojirekebisha makosa madogo. Usilipe zaidi kwa neno Xeon pekee.

15. Nihakikishe vipi dukani kabla ya kulipa?

Stika hubanduliwa na kubandikwa. Tumeona nyingine imebandikwa juu ya nyingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU. Jina kamili liko juu kulia, viini na nyuzi viko chini. Kama unashuku, fungua pia msinfo32, ukurasa wa Windows wa taarifa za mashine, ulinganishe.

Kisha ipe kazi. Omba dakika kumi, endesha Cinebench au chochote kinachoshika viini vyote, weka kiganja karibu na tundu la feni. Hewa inapaswa kutoka ya moto na kwa nguvu. Ikiwa prosesa inachemka na hewa inayotoka ni baridi, joto limenaswa ndani. Muuzaji akikukatalia dakika kumi, M-Pesa yako ibaki kwenye simu. Na risiti iandikwe jina lote la prosesa pamoja na herufi, si "laptop i7".

16. Windows 11 itakubali?

Kwa Intel, orodha rasmi huanza kizazi cha 8, ukiacha vighairi vichache, na mashine iwe na TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri. Kwa AMD huanza na Ryzen za 2000, ingawa kuna za 2000 za laptopu zilizoachwa nje, hivyo hakiki jina kamili. Xeon E5, hata v4, hazimo. Xeon W, kama zile za HP Z4 G4, zimo, na ndizo tunazopendekeza kwa anayetaka wakstesheni ya mtumba atakayokaa nayo.

Kuna njia za kuilazimisha kwenye mashine za zamani na mafundi wengi huzitumia. Inawaka. Ila masasisho makubwa yanaweza kukataa siku moja. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo "nitabaki na ile ya zamani" si jibu kwa ofisi inayoshika data za watu. Linux haina ugomvi huu.

17. Stima je? Wakstesheni haitamaliza tokeni?

Piga hesabu mwenyewe. Wakstesheni inayovuta wati 250 ikirenda, kwa saa 10, ni yuniti 2.5. Laptopu ya chaja ya wati 65 haitapita sana yuniti 0.65 kwa saa hizohizo. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye ujumbe wako wa tokeni. Lakini kumbuka kwamba wakstesheni ikimaliza kazi kwa saa mbili ambayo laptopu ingeifanya kwa saa tisa, pengo hilo hupungua sana, na mara nyingine hugeuka. Inayokula tokeni bure ni ile iliyoachwa imewaka usiku kucha bila kazi.

Stima kupotea ndilo tatizo kubwa zaidi. Laptopu ina betri, haitajua. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kazi ya mteja ikirenda kwenye mashine ya mezani Jumapili nzima, bila UPS (betri inayoshikilia mashine stima ikipotea), kwa sababu nilijiambia mtaa wetu stima haipotei wikendi. Ilipotea saa moja jioni, saa tisa za kazi zikaenda nayo. Jumatatu nilinunua UPS. Inunue inayomudu wati za mashine yako yote, pamoja na skrini, na renda picha moja moja badala ya faili moja la video, ili ikizimika uendelee ulipofika.

## Maswali yasiyo ya kila siku

18. Ryzen 7 7730U ni mpya, si ndiyo? Imeandikwa 7000.

Boksi ni jipya. Kwenye Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli wa ndani. 7520U ni muundo wa Zen 2, 7730U ni Zen 3, 7840U ni Zen 4. Zen 2 ilianza kuuzwa mwaka 2019. 7730U si mbaya, ni prosesa ya viini vinane inayofanya kazi vizuri. Usiilipie tu bei ya Zen 4.

19. Core Ultra, Core bila i, na M za Apple zinaingia wapi?

Desemba 2023 Intel ilianza kuacha herufi i kwenye laptopu mpya. Core Ultra 7 155H ni muundo mpya, viini 16, sita vikubwa. Core 7 150U, isiyo na Ultra, ni muundo wa kizazi cha 13 uliovalishwa jina jipya. Herufi za mwisho bado zina maana ileile.

M1 ya Apple, iliyotoka Novemba 2020, ilivuruga mazungumzo yote haya kwa sababu hufanya kazi nyingi kwa wati chache. MacBook Air ya M1 haina hata feni, kwa hiyo swali la 7 linaihusu pia, ila inachelewa kufika mlimani. RAM haiongezwi baada ya kununua. Na Revit haiko kwenye Mac. Wasanifu majengo waulize ofisi zao kwanza. ArchiCAD iko.

20. Mnaweza kunibadilishia prosesa ya laptopu?

Hapana, imechomelewa kwenye bodi. Chache za kizazi cha 4 zenye herufi M, kama i5-4300M, hubadilika, lakini haifai kuzipoteza pesa leo. Wakstesheni ndiyo inayobadilishwa: watu hununua Z440 yenye prosesa ndogo, mwaka unaofuata wanaweka ya viini 14. Sasisha BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) kabla ya kutoka v3 kwenda v4, la sivyo haitawaka.

21. RAM ya wakstesheni inaingia kwenye kompyuta yangu ya kawaida?

Inaingia kwenye tundu na kompyuta haiwaki. RAM ya Z440 ni ya ECC aina ya RDIMM, na bodi za kawaida haziitambui. Ni rahisi sokoni kwa sababu hiyohiyo.

22. Ni kweli kompyuta huchemka zaidi Nairobi kwa sababu ya mwinuko?

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wa fizikia, na ana hoja. Tuko juu ya mita 1,600, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17 joto likiwa sawa. Feni inasukuma ujazo uleule lakini hewa inayobeba joto ni pungufu. Ila Mombasa hewa inaingia ikiwa tayari moto, kwa hiyo ushindi ni wetu kwa kawaida. Vumbi la barabarani lina madhara kuliko mwinuko. Safisha mara moja kwa mwaka. Ukiishi karibu na barabara inayojengwa, mara mbili.

23. Siwezi kuchagua. Naweza kuwa na zote mbili bila kuvunja benki ya familia?

Ofisi ndogo kadhaa zinafanya hivi na sisi wenyewe ndivyo tulivyo: wakstesheni ya mtumba imekaa nyumbani au ofisini na UPS yake, na kila mtu ana laptopu ya U ya bei nafuu. Unaiingia wakstesheni kwa mbali, unaipa kazi, unafunga laptopu unapanda matatu. Remote Desktop ya Windows inahitaji wakstesheni iwe na toleo la Pro. Usiifungue moja kwa moja kwenye intaneti. Ipitishe kwenye VPN, njia ya siri ndani ya intaneti. Na kwenye BIOS washa chaguo la kujiwasha stima ikirudi, maana UPS nayo huisha, na hakuna kinachoudhi kama kuwa Kisumu huku mashine iko Rongai imezimika, na mwenye ufunguo wa nyumba ni wewe.